Ng'ombe wa Bibi Nyemo kwenye Zizi la Serikali

Matonya alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa hivyo, na kwa Wagogo jina la namna hiyo linatosha kumfanya mtu ajione maisha yake yote. Wadachi, yaani Wajerumani waliotawala siku zile, hawakuyajua hayo. Walimchukua kijana wa mvua wakamfundisha kazi ya jua.

Alikuwa askari wa kioo. Juu ya kilima cha Mlimwa palisimama chombo cha miguu mitatu chenye kioo cha duara, na Matonya alikuwa analinasa jua kwenye kioo hicho na kulikatakata vipande virefu na vifupi, habari zikaenda mpaka upande wa Mpwapwa na upande wa Kilimatinde bila mtu kuinua mguu. Kazi hiyo aliifundishwa Dar es Salaam, katika shule ya askari wa ishara, pamoja na kusoma na kuandika. Alirudi Ugogo na viatu vya ngozi, kofia yenye kisogo cha kitambaa, na tabia mpya ya kukohoa kidogo kabla ya kusema. Siku za mawingu alikuwa hana kazi, na wenzake hawakuacha kumuuliza kwa nini anawaletea mawingu, ndugu zake, kazini.

Shule ile ilikuwa na masharti yake. Kila mwaka mmoja wa kusoma, kijana alilazimika kuitumikia serikali miaka miwili, atake asitake, na asiyetaka aliwekewa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, zimsaidie kutaka. Matonya alikubali bila kufikiri sana. Alikipenda kioo, na alidhani miaka yake yote ya utumishi itapita pale kilimani, yeye na jua lake, huku wakubwa wakimngojea chini aseme jua limesema nini.

Kisha reli ikafika Dodoma, na pamoja na reli ukaja waya wa simu ya kugonga. Waya haukujali mawingu wala usiku. Habari ambayo Matonya alihitaji asubuhi nzima kuipitisha, kijana mmoja wa stesheni aliyekaa kitini kivulini aliipitisha kabla chai haijapoa. Muda si muda hakuna aliyepanda tena Mlimwa kuleta habari. Kioo kikawa hakina kazi, lakini miaka ya Matonya ilibaki vilevile, na Wadachi si watu wa kusamehe miaka. Wakampa kazi ya kukilinda kioo kisichotumika na kukifuta vumbi. Akakifuta mpaka kikawa kinang'aa kuliko kilivyowahi kung'aa kilipokuwa na faida.

Alipotoka kazini alikuwa anashuka stesheni na kusimama nje ya dirisha la chumba cha simu, anasikiliza chombo kikigonga. Alizielewa alama zote, maana zilikuwa ndugu wa zile za kioo, ila hapa zilikuja kwa sauti. Kijana wa simu alichoka kumfukuza. Matonya alirudi kambini, na usiku vidole vyake viligonga kwenye ubao wa kitanda mpaka askari wa jirani akatishia kuvikata. Alikuwa ameutamani waya ule kuliko alivyopata kutamani kitu, na hakuona haya kusema.

Basi akaenda kwa mkuu wa boma, Bwana mmoja mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Miwani, akakohoa kidogo, akaomba apelekwe Dar es Salaam tena akasomee simu ya waya. Bwana Miwani hakukataa. Alimweleza taratibu, kama anayempimia mtu nguo, kwamba ruhusa ipo. Masomo ni miaka miwili. Miaka hiyo haitahesabiwa kuwa ya utumishi, maana atakuwa anakula chakula cha serikali na kukaa kitini. Kila mmoja utaongeza miaka miwili juu ya ile aliyobakiza, na ataitumikia popote waya utakapofika, ikiwa Tabora, ikiwa ziwani. Na kabla ya yote, mkubwa wa ukoo wake aje bomani aseme mbele yake kwamba amekubali. Kulikuwa na kijana mwingine kabla yake aliyetoroka, na wajomba zake wakamficha, wakasema wao hawakumtoa kwa mtu. Bwana Miwani hakutaka kusikia maneno hayo mara ya pili.

Matonya alisema ndiyo kwa yote. Alipofika nje ndipo alipokumbuka kwamba mkubwa wa ukoo wake alikuwa Bibi Nyemo.

Bibi Nyemo alikuwa mama wa marehemu baba yake, mwanamke mfupi mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, anayekaa kwenye nyumba ya tembe upande wa Hombolo. Ndiye aliyemlea. Kama mabibi wote walivyo na haki ya kuwatania wajukuu wao, alimwita Matonya mume wangu, akamlaumu mbele za watu kwa kumwacha peke yake na mbuzi. Kwa utani hakuwa na mpinzani. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kwake halikuwa utani kabisa, nalo lilikuwa ng'ombe.

Wagogo wana desturi ya kuwekeana ng'ombe. Mwenye ng'ombe humpeleka kwa mwenzake akae kwenye zizi la huyo mwenzake, ili njaa au ugonjwa ukija usimalize wote mahali pamoja. Siku ya kumpeleka, mwenyewe huzitaja alama zake zote mbele ya shahidi. Anayemtunza hunywa maziwa, lakini ng'ombe si wake, wala ndama si wake. Mwenyewe ana haki ya kuja kumkagua siku yoyote bila kubisha hodi. Ng'ombe hahamishwi kwenda zizi la mtu wa tatu bila mwenyewe kuulizwa. Akifa, mtunzaji humletea mwenyewe ngozi, na ngozi ikiletwa hakuna haja ya maneno mengine. Siku mwenyewe atakapomtaka, anamrudisha nyumbani pamoja na ndama zake.

Miaka ile serikali ilipokuja kutafuta vijana wa shule, Bibi Nyemo alikubali kumtoa Matonya kwa njia hiyo. Alimleta mwenyewe mpaka kambini, akamsimamisha mbele ya askari, akazitaja alama zake: kovu la goti la kushoto, sikio lililochanwa na mwiba, jino la mbele lililopinda. Alikuwa anamweka kwa serikali. Aliyepokea maneno hayo alikuwa askari mmoja Mnyamwezi aitwaye Mbwana, mnene, mcheshi, aliyejua Kigogo kwa sababu ujana wake wote alipita Ugogo na misafara akiwabebea watu mizigo. Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Mbwana aliona bibi anamtania, naye akamjibu kwa utani uleule. Alimzunguka Matonya, akampapasa mbavu, akasema kwa sauti nzito kwamba serikali imempokea ng'ombe na itamtunza, na mwenyewe akimhitaji aje tu. Bibi Nyemo akamshukuru, akaenda zake akijua kwamba shahidi amempata. Mbwana akacheka jioni nzima.

Toka hapo kila Matonya alipopata ruhusa ya kwenda nyumbani, bibi alimkagua. Alimpapasa, akamfungua mdomo, kisha akauliza kuhusu ndama, maana ng'ombe wa miaka mingi lazima awe amezaa. Matonya alimwonyesha kusoma, na bibi akasema huyo ni ndama mmoja. Kioo akawa wa pili. Kiswahili cha pwani alimsifu kuwa ndama mzuri, atauzika. Matonya alipomsemea maneno machache ya Kidachi, bibi alisikiliza kichwa ameinamisha, akasema huyo ni dume, hana maziwa. Kila mara alimalizia kwa kuuliza serikali itamrudisha lini, na Matonya, ambaye angeweza kutamka miaka yote iliyobaki bila kukosea, alijibu kwamba ni karibuni. Alimpenda mno kumwambia kweli, na alimwogopa kidogo pia.

Badala ya kweli alimpa jua. Kila siku isiyo na mawingu, jua likiwa limepanda vizuri, alikigeuzia kioo upande wa Hombolo akamulika mara moja kwa urefu, mara mbili kwa ufupi. Serikali haikujua. Bibi Nyemo alikuwa anasimama mlangoni, mwanga ukimjia kutoka mlimani anawaambia majirani kwamba mume wake anamsalimu, na wao wanyamaze na waume zao wasio na mwanga. Majirani waliona kioo kile ndicho kinachofukuza mvua. Bibi aliwajibu kwamba mtoto aliyezaliwa na mvua hawezi kuifukuza, labda waulize midomo yao.

Mbwana wakati huo alikuwa amepanda cheo akawa shaushi. Matonya alimweleza habari yote, na shaushi akacheka sana kuhusu bibi anayedhani serikali ni mtunza ng'ombe wake. Kisha akakumbuka nani aliyempokea ng'ombe huyo, akaacha kucheka. Kama Bwana Miwani angesikia kwamba askari wake mmoja aliwahi kuahidi, kwa niaba ya Kaizari, kumrudisha kijana wa shule siku yoyote bibi atakapomtaka, cheo kingerudi kilikotoka. Wakapatana kwamba Mbwana ndiye atakayefasiri. Bibi atasema yake, Bwana atasema yake, na Mbwana atasimama katikati apitishe yanayofaa tu.

Bibi Nyemo aliletewa habari kwamba anaitwa bomani kuhusu Matonya, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuelewa mambo alivyotaka, alielewa kwamba ng'ombe anarudishwa. Alifika amejipaka mafuta, amevaa kaniki mpya, na mkononi ameshika kamba ya kuongozea ng'ombe. Matonya alipoiona ile kamba alitamani ardhi ipasuke. Mbwana alimpokea bibi mlangoni kwa utani, akamuuliza kama Wagogo bado wanawauzia wapita njia maji ya kunywa. Bibi akamuuliza kama ameshautua mzigo wa watu au bado anatafuta mahali. Wakaingia ndani wakiwa wamechangamka wote wawili, mmoja kwa furaha na mwingine kwa hofu.

Bwana Miwani alieleza masharti yake kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Mbwana akamfasiria bibi kwamba Bwana anauliza hali. Bibi akajibu kwa maneno marefu. Alisema amekuja kumchukua ng'ombe wake, na ndama wote anawajua kwa idadi, yule dume wa Kidachi wanaweza kubaki naye. Alisema maziwa ya miaka yote hiyo yawe halali yao, hana kinyongo. Mbwana akamgeukia Bwana akasema bibi anasalimu.

Bwana Miwani hakuwa mjinga. Alivua miwani, akaifuta, akauliza kwa nini salamu ile ilikuwa ndefu kiasi kile na kwa nini ilikuwa na kamba. Mbwana akasema Wagogo husalimu hivyo. Hapo Matonya, ambaye angeweza kunyamaza na kumwacha mwenzake azame, alikohoa akaeleza yote kwa Kiswahili tangu mwanzo, alama za mwili wake, ndama, maziwa, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akimdanganya bibi yake kila mwaka. Sehemu ya Mbwana aliipunguza kidogo, akasema askari mmoja alitikisa kichwa kukubali.

Wote walingoja hasira. Kumbe Bwana Miwani alikuwa mmoja wa Wadachi wale wanaopenda kuuliza desturi za watu kama wengine wanavyopenda kuwinda. Alivuta kiti karibu, akaanza kumhoji bibi. Mtunzaji anapata nini? Mwenyewe anapata nini? Ng'ombe akifa inakuwaje? Bibi alijibu moja baada ya jingine, akifurahi kwamba hatimaye amepatikana mkubwa mwenye haja ya kujua. Hata Mbwana alifasiri sawasawa, jasho likimkauka.

Mwisho Bwana alijiegemeza kitini, akasema kwamba kwa desturi hiyohiyo bibi amekosea mahali pamoja. Ng'ombe ni elimu. Serikali ndiyo iliyomweka ng'ombe huyo kwa Matonya, na Matonya ndiye mtunzaji. Ameyanywa maziwa yake, anavaa viatu, watu wanamheshimu. Miaka ya utumishi ndiyo njia ya kumrudisha ng'ombe kwa mwenyewe, na sasa kijana anaomba awekewe wa pili.

Mbwana aliyafasiri hayo polepole. Bibi Nyemo aliizungusha kamba vidoleni.

"Basi ng'ombe wenu mmemweka ndani ya ng'ombe wangu," alisema. "Na mimi wangu nilikuwa nimemweka kwenu. Sasa nani anamkagua nani?"

Bwana Miwani akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike Dodoma, kicheko kifupi kilichomshtua yeye mwenyewe, akakiri kwamba hajui. Lakini bibi hakucheka. Alimgeukia mjukuu wake, na safari hii hakumwita mume.

"Umenidanganya kwamba ni karibuni."

Matonya akakubali kwamba alimdanganya.

"Miaka yenyewe ni mingi kuliko niliyobakiza mimi?"

Matonya akainamisha macho kwenye viatu vyake.

Bibi akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini, si serikali, yeye. Matonya alijua kwamba akisema neno moja kila kitu kitaisha, atarudi Mlimwa kufuta kioo na kila siku atammulikia, na bibi atafurahi, naye atazeeka akifuta kile kioo. Akasema kwa Kigogo, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni, kwamba anautaka ule waya. Akasema anaota mlio wake. Machozi yalimtoka mbele ya mkuu wa boma na shaushi wake, na hakuyafuta.

Bibi Nyemo alivuta pumzi, akasema neno la mwenye mali. Alikubali ng'ombe wake ahamishiwe kwenye zizi la mbali, lakini kwa mambo mawili. La kwanza, haki yake ya kukagua haihamishwi. Siku yoyote atakayotaka, atakwenda kumwona, na mtu asimzuie njiani. La pili, ng'ombe akifa huletwa ngozi kwa mwenyewe, lakini yeye ndiye mzee, na safari hii huenda mwenyewe akatangulia. Alitaka kujua nani atampelekea ng'ombe ngozi ya mwenyewe.

Bwana Miwani alijibu bila kufikiri kwamba waya utapeleka, siku hiyohiyo. Kuhusu kukagua, akapunga mkono, akasema ndiyo, ndiyo, akague tu. Alimwamuru Mbwana awe shahidi, na Mbwana, ambaye alishawahi kuwa shahidi mara moja na kuona matokeo yake, akapiga saluti kwa unyonge.

Siku ya kuondoka bibi alikuja stesheni. Hakulia. Alimpapasa Matonya mbavu mbele ya abiria wote, akamwambia asisahau alama zake mwenyewe. Kisha akamwita Mbwana kando, akamwambia kwamba kwa kuwa yeye ni mtani, na mtani ndiye mwenye kazi msibani, ngozi itapita mkononi mwake. Mbwana alitaka kuleta mzaha, mzaha ukamkataa.

Dar es Salaam Matonya alisoma kama mtu anayekimbiza treni. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mwalimu wake, Mdachi mmoja aliyechoka na joto, alimweka kwenye chombo cha kweli kabla ya wenzake. Alikuwa na furaha, lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake. Kila Dodoma ilipoita, alihofu habari ya bibi mpaka alipojua kwamba habari ni ya mabehewa au ya mahindi. Hakukuwa na mtu wa kumtumia yeye neno kwa waya isipokuwa kwa jambo moja, na jambo hilo alikuwa amelikubali bomani kwa kunyamaza. Mbwana alimtumia salamu kwa mdomo kupitia wasafiri. Alisema anapanda Mlimwa mara mojamoja kumulikia bibi ili asijisikie mpweke, na bibi amejibu kwamba aache, anamulika kama Mnyamwezi anayefukuza ndege shambani.

Mwaka wa kwanza ukapita. Asubuhi moja mwaka wa pili ukiwa umeanza, Matonya akiwa kitini, Dodoma iliita. Akaitikia. Habari ilikuja kwa Kiswahili, na neno la kwanza lilikuwa jina lake. Vidole vyake viliandika bila yeye kuviamuru. Kwa Matonya. Kutoka kwa Shaushi Mbwana. Mwenye ng'ombe ame.

Hapo chombo kikanyamaza. Matonya aliita, akaita tena. Waya ulikuwa umekufa. Mwalimu alisema bila shaka ni twiga tena, mahali fulani huko bara, amepita na shingo yake akaondoka na waya kama mtu anayevunja utando wa buibui, na mafundi hawataumaliza kabla ya siku mbili tatu. Alilisema hilo kwa kuchoka tu, akaenda kunywa kahawa.

Matonya alibaki anakiangalia chombo. Hakuwa na haja ya herufi zilizobaki. Shahidi alikuwa Mbwana, njia ilikuwa waya, na aliyetajwa alikuwa mwenye ng'ombe. Ngozi ilikuwa imefika. Aliinuka akaenda kuomba ruhusa akazike, au kama amechelewa kuzika, akakae matanga. Akajibiwa, kwa upole, kwamba mwanafunzi anayedaiwa miaka ya utumishi hana ruhusa ya msiba nje ya mji, na tena hakuna habari kamili iliyofika. Alikuwa amekubali sheria hiyo mwenyewe. Hakubishana.

Akaenda kwa kinyozi mmoja barabarani akanyoa kichwa chote, kama kwao wanavyonyoa wakifiwa. Nywele zilipokuwa zinaanguka alimlilia bibi yake bila kujificha, na kinyozi, mtu wa pwani asiyemjua, akamlilia naye kidogo kwa adabu. Alijilaumu kwa kila karibuni aliyowahi kumwambia. Alimkumbuka amesimama mlangoni akingoja mwanga, na akaona kwamba ameuza mwanga ule kwa waya ambao haukuweza hata kumaliza sentensi.

Treni ya kutoka bara ilifika kesho yake jioni. Matonya alikwenda stesheni, si kwamba alimngoja mtu, ila alitumaini kukutana na abiria wa Dodoma aliyehudhuria msiba, amweleze walimlaza wapi na nani aliongoza kilio. Alisimama pale penye msongamano, kichwa kinang'aa, akitazama nyuso. Wakashuka wafanyabiashara wa Kondoa na magunia yao, wakashuka askari, akashuka mama mmoja na kuku. Mlango wa behewa la mwisho ukabaki wazi, na ndani yake mfanyakazi wa reli alikuwa anabishana na mtu kwa sauti ya kukata tamaa. Mtu huyo alikuwa anamjibu kwa Kigogo.

Bibi Nyemo alishuka kinyumenyume, kama anayeshuka ngazi ya ghala, kamba ya ng'ombe ikiwa begani. Alitua chini, akajishika kiuno, akaangalia mji. Kisha akamwona Matonya. Akamtazama kichwa.

"Nani amekufa, mume wangu?"

Matonya alimnyooshea kidole yeye. Bibi akageuka nyuma kuona ni nani anayeonyeshwa, hakuona mtu. Ndipo akaelewa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika behewa, na mfanyakazi wa reli naye akacheka bila kujua sababu. Matonya alikuwa amemkumbatia kiunoni, mtu mzima mwenye viatu vya serikali, analia kama mtoto aliyepotea sokoni. Bibi alimwachia alie. Alipotosheka alimsukuma nyuma kidogo, akamzunguka pande zote, akampapasa mbavu, akamfungua mdomo, akaliangalia jino lake. Akasema serikali inamnyima maziwa, na tena imemkata nywele bila kumuuliza mwenyewe, na atamwambia Bwana Miwani.

Alieleza njiani kwamba hapakuwa na shida yoyote kubwa. Aliona usingizi hauji, akaamua kwenda kukagua. Alipanda gari moshi, wakamwambia ashuke, akakataa, akawaambia waende bomani wakamuulize mkubwa aliyesema ndiyo, ndiyo. Mbwana aliitwa kuja kumshusha, lakini Mbwana alikuwa shahidi, angefanya nini? Akaenda kugonga simu.

Siku ya pili yake bibi alikaa sakafuni nyuma ya kiti cha Matonya katika chumba cha simu, kwa ruhusa ya mwalimu aliyeshindwa kumtoa, akitafuna mahindi ya kuchoma na kukitazama kile chombo kilichomnyang'anya mume. Kabla ya adhuhuri kiligonga. Dodoma ilikuwa imerudi. Iliomba radhi kwa ajili ya twiga, ikamalizia habari yake: amepanda gari moshi, amekataa kushuka, jiandae.

Bibi akauliza kimesema nini. Matonya akamwambia kinasema kwamba anakuja.

"Kimechelewa," alisema Bibi Nyemo. "Sasa mwambie Mnyamwezi nimemkagua ng'ombe wangu. Yuko hai. Na mimi nipo."

Matonya akaweka mkono kwenye chombo akaanza kugonga neno kwa neno kama bibi alivyosema, na huko Dodoma walimwomba arudie mara mbili.